Milioni Moja na Moja

"Hiyo ni namba tasa, mwalimu. Endelea," mkaguzi alimwambia mwalimu mpya kutoka nyuma ya darasa. Mkononi alikuwa na fomu ya kumthibitisha kazini, bado haijasainiwa.

Ubaoni paliandikwa 1,000,001.

Mwalimu angeweza kunyamaza tu, mambo yakapita.

"Samahani, mzee. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii inagawanyika." Akaandika 101 × 9,901, kisha akawageukia wanafunzi. "Haya wanangu, zidisheni."

Kalamu zikakimbia.

"Ni kweli, mwalimu!" msichana wa dawati la mbele akapaza sauti.

Mkaguzi alizidisha mwenyewe, mara mbili, mgongoni mwa fomu ile ile. Akavua miwani, akamtazama mwalimu.

"Hebu tueleze, mwanangu. Umeijuaje?"