Bibi Akataa Kufa Oktoba

"Oktoba siwezi kufa," Bibi Bernadine alisema, akaupiga mwezi huo mstari mwekundu. "Oktoba niliuza keki kanisani. Parokia nzima iliniona."

Joelle alijifunika uso kwa viganja. Hakukusudia bibi yake aisome insha ile ya kuombea nafasi chuoni. Lakini printa ya nyumba ilikaa chumbani kwa bibi, na bibi alifundisha darasa la sita miaka thelathini na moja. Karatasi haikupita mbele yake bila kusahihishwa.

"Nisamehe, Bibi. Ni yule mshauri wa shule, Bi. Pruitt."

"Alikwambia uniue?"

"Hapana. Alisema insha yangu ya kwanza ni nzuri ila haina maumivu."

Insha ya kwanza ilihusu kibanda cha aiskrimu kando ya ziwa, alikofanya kazi kila kiangazi. Bi. Pruitt aliisoma mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akamweleza kuwa chuo kile hupokea maombi elfu thelathini kwa mwaka. Je, hakuwahi kufiwa? Joelle alifikiri sana. Mama mzima, bibi mzima, hata mbwa mzima. Na bila ufadhili wa chuo kile, angebaki kuchota aiskrimu hapohapo Ohio mpaka aote mvi. Ndipo akarudi nyumbani, akamzika bibi yake kwa maneno mia sita na hamsini.

Sasa marehemu alikuwa ameketi naye mezani jikoni, kalamu mkononi. Kipande chake cha pai ya boga kilikuwa bado hakijaguswa.

"Hizi insha wanazisoma lini?"

"Mwisho ni keshokutwa. Wataanza kusoma Februari, nadhani. Nyingine Machi."

Bibi aliitazama kalenda ya Desemba ukutani, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu. "Basi andika 'majira haya ya baridi'. Usitaje mwezi. Na huu ugonjwa wa moyo utoe. Kila bibi wa kwenye insha anakufa kwa moyo, utadhani hatuna viungo vingine. Weka saratani ya kongosho."

"Kongosho liko wapi?"

"Nyuma ya tumbo. Halina kelele. Likikuita, ujue lilishamaliza kazi yake."

Joelle alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Aliandika kongosho.

"Halafu hospitali yako haina harufu wala watu. Iweke ghorofa ya nne, dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Mtie nesi wa kiume, anaitwa Otis, mikono yake baridi kama chura. Anakuomba radhi kabla hajakugusa."

"Bibi, haya unayatoa wapi?"

"Kila Jumanne nacheza bingo na wazee watupu. Unadhani tunaongea habari za disko?"

Hilo lilikuwa kweli. Kila Jumanne jirani yao, Bi. Wozniak, alimpitia bibi kwa gari kwenda bingo, ule mchezo wa kadi za namba, na kila Jumanne bibi alirudi hoi, akapanda kitandani bila kula. Mama yake Joelle alisema kucheza kwa jazba namna ile si umri wake tena.

Walifika aya ya mwisho. Bibi aliisoma kwa sauti, jicho moja limefumbwa. "'Bibi alinishika mkono, akasema: fuata ndoto zako.' Hapana. Nikifa na sentensi hii mdomoni, nitarudi kuifuta."

"Utasema nini basi?"

Bibi aliikata sentensi ile kwa mstari. Kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Funga vifungo vya koti, nje kuna upepo.

Joelle aliingiza masahihisho yote kwenye kompyuta. Insha ilikuwa imegeuka kitu kingine. Hata yeye aliyejua kuwa ni ya kubuni alikaribia kuiamini. Alifungua ukurasa wa mwisho wa maombi, ambako palikuwa na kisanduku kitupu na maneno haya: Nathibitisha kwamba yote niliyoandika ni ya kweli.

Kidole chake kiligoma.

"Weka alama tu," bibi alisema.

"Siwezi. Nitakuwa nimedanganya."

"Hutakuwa."

"Bibi, uko hapa. Unanipumulia shingoni." Joelle alitikisa kichwa. "Nairudisha ile ya aiskrimu. Wakinikataa, basi."

Bibi alifunika kalamu yake taratibu.

"Haya. Lakini kwanza niletee peremende zangu. Zimo kwenye mkoba wa bingo."

Mkoba ulikuwa unaning'inia mlangoni, nyuma ya koti. Ndani hamkuwa na kadi hata moja ya bingo. Mlikuwa na peremende za mnanaa, bangili ya plastiki ya hospitali iliyokatwa kwa mkasi, na barua ya wiki ile, iliyokunjwa mara nne. Matibabu ya saratani ya kongosho kila Jumanne, ghorofa ya nne. Nesi wa zamu: Otis. Chini kabisa, daktari alikuwa ameandika kwamba dawa zimesitishwa kwa ombi la mgonjwa, na kwamba muda uliobaki ni wiki tatu au nne. Neno "mgonjwa" lilikuwa limekosewa herufi moja. Mtu alikuwa amelisahihisha kwa wino mwekundu.

Joelle alirudi jikoni. Aliweka peremende mbele ya bibi yake, akaketi. Aliisoma insha tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, asione cha kufuta, kisha akaweka alama kwenye kisanduku.