Twiga wa Mnadani

Ndani ya blanketi alikuwamo twiga.

Felista alilifungua mwenyewe, sakafuni, chumbani kwake Mwembesongo. Alitarajia televisheni. Akakuta ubao mrefu, mwembamba, mzito, umechorwa twiga wa njano aliyesimama peke yake kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa matundu mawili ya misumari kwenye mti.

"Nini hii, Kasiani?"

"Picha," alisema mdogo wake.

"Naona ni picha. Hela iko wapi?"

Kasiani alikuwa amerudi jana kutoka kwenye meli ya watalii, baada ya miezi tisa baharini. Aliondoka na ahadi moja. Mvua za mwaka juzi ziliporomosha mlima kule Mgeta, zikasomba hadi mtoni kona nzima ya makaburi ya kanisani, kaburi la mama yao likiwamo, pamoja na msalaba wake wa mbao. Hakikubaki kitu cha kushika. Kasiani angeleta hela ya saruji na msalaba mpya, na Jumamosi hii wangeusimika mbele ya mjomba Joseph na ukoo wote. Mbuzi alishapatikana. Katekista alishaambiwa.

"Hela ndiyo hiyo," Kasiani alisema, akionyesha ubao.

Felista akakaa kitandani.

Alimwuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa wa homa. Akaelezwa kwamba kule melini picha ziliuzwa kwa mnada, abiria wakinywa mvinyo. Kasiani, msafisha vyumba, alipewa kazi ya kupanda jukwaani na kushika kila picha ili watu waione. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kununua. Basi, kabla bei ya picha hii haijatajwa, alishuka haraka kumwomba bibi mmoja Mzungu, aliyekuwa akimsafishia chumba, anyooshe mkono kwa niaba yake. Bwana mmoja mwenye kofia naye akaitaka picha hiyo hiyo. Bei ikapanda mpaka ikala akiba yote.

"Na wewe uliipendea nini?"

"Sikuiona vizuri. Nilikuwa nyuma yake, nimeishika."

Felista akacheka bila kutaka. "Umenunua kitu hata hukukiona."

Aliugeuza ubao. Nyuma Kasiani alikuwa amebandika shuka jeupe la meli, kingo zote kwa selotepu. Aliposhika ncha yake, Kasiani akamzuia mkono.

"Hapo mpaka mjomba awepo, dada."

"Kuna hela humo?"

"Hakuna."

Palikuwa na hati yenye muhuri wa dhahabu. Felista aliisoma kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. Iliandikwa kwamba mchoraji huokota mbao zinazoletwa na mto kutoka milimani, karibu na mbuga ya wanyama, mahali paitwapo Kisaki, Tanzania.

"Kisaki!" Aliitupa kitandani. "Umezunguka dunia nzima kwenda kununua kitu cha Kisaki? Si ungenituma mimi? Na twiga tunawaona Mikumi, dirishani, ukiwa kwenye basi la Iringa. Bure."

Kasiani alikuwa ameshaanza kumfunika twiga.

Jumamosi walipanda Mgeta. Kasiani aliubeba ubao begani njia nzima, na kila aliyekutana nao aliuliza ni nini. Felista alichoka kujibu. Alitembea mbele, mbali, kama hawafahamiani.

Ukoo ulikuwa umeshakaa makaburini, juu kidogo ya jeraha jekundu la mlima. Mjomba Joseph alikuwa amekalia jiwe upande wa juu, wengine wamesimama chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Saruji iko wapi?"

"Hakuna saruji, mjomba."

"Nimesikia umetuletea mnyama." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. "Dada yangu hakuwahi kumwona twiga maisha yake yote. Leo umwekee wa nini? Alinde makabichi?"

Felista alitazama viatu vyake. Alitamani mdogo wake aseme neno lolote, hata uongo.

Kasiani aliomba jembe. Akachimba shimo peke yake, hakuna aliyemsaidia. Alibandua shuka, akaunyanyua ubao na kuusimamisha ndani ya shimo, twiga akitazama bondeni, kisha akashindilia udongo kwa kisigino.

Mjomba aliinuka na fimbo yake, akashuka kuja kuung'oa. Alipoufikia ubao alisimama. Fimbo ikamponyoka. Akavua kofia.

Felista akazunguka kuona kilichomzuia. Nyuma ya twiga, kwa zile herufi ambazo Kasiani alizichoma kwa msumari wa moto akiwa darasa la saba, ubao wote ulikuwa umeandikwa: MAMA YETU ANASTASIA.