Hewa Katika Mafuta

Injini ilinguruma, ikasita, ikakohoa kama mzee aliyepaliwa na ugoro, kisha kimya. Juu ya daraja la kiwanda cha gesi, pale Saltley, mtu alicheka.

"Imezimika tena," sauti ya mwanamke ilitoka jikoni mwa boti. "Fundi gani huyu, Vinubhai? Kwetu Mbale injini kama hii ilisaga mahindi ya mji mzima. Mume wangu hakuwahi kuisikia ikikohoa."

Alfayo alitoa kichwa kwenye shimo la injini, dizeli ikimtiririka hadi viwikoni. Angejibu angetukana, na Lalita alikuwa mkubwa kwake, tena dada wa mwenye boti.

Boti yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba, ya kubebea makaa zamani katika mifereji ya Birmingham. Vinubhai na dada yake waliinunua walipofukuzwa Uganda mwaka uliotangulia, maana kila mlango waliobisha Birmingham wakitafuta chumba ulifungwa. Sasa Vinubhai amepata kazi Leicester, katika kiwanda cha soksi, na Jumatano anatakiwa kazini. Dada yake hawezi kuachwa alale peke yake mferejini. Basi boti iende, na wote waende nayo. Kwa maji Leicester inafikika, mradi injini iwake.

Na injini hiyo ndiyo ilikuwa jina la Alfayo. Alijiweka rehani mwenyewe, mbele ya mafundi wazungu wa karakana.

"Nikiitengeneza isitulie," alimwambia Ranjit, Singasinga wa Kisumu mwenye karakana aliyemwajiri, "usinihesabu fundi. Nitaziacha spana zako mezani niondoke."

"Kijana, mdomo wako una moto kuliko injini," Ranjit alimjibu. "Lakini nimesikia. Na hawa pia wamesikia."

Mafundi wale walikuwa wakimwita boi tangu alipofika. Alitaka wamwite Alfayo.

Mwanzoni alishinda. Injini iliwaka ikanguruma hadi jioni. Kesho yake asubuhi ikazimika. Alikuta hewa imeingia kwenye mafuta. Akaitoa, akafunga, ikawaka. Asubuhi iliyofuata, hewa tena. Alibadilisha chujio. Akapaka bomba lote lililoonekana povu la sabuni, akalikagua shubiri kwa shubiri. Halikuwa na ufa hata wa sindano.

"Kunywa," Lalita alisema, akimpa kikombe. "Labda akili itawaka kwanza."

Alfayo alionja akakunja uso. "Dada, chai yako ina dizeli."

"Ni mikono yako hiyo. Unanuka kama tangi."

Vinubhai alicheka bila furaha. "Mwache anywe. Leicester tutakunywa kwa mjomba. Kule kuna watu wetu, Lalita, kuna hekalu karibu. Utaacha kukaa dirishani kutwa."

"Nani anakaa dirishani?"

Mume wa Lalita hakuwa na pasipoti ya Uingereza. Walipofukuzwa, yeye alitupwa kambi ya wakimbizi huko Austria, na ndani ya boti jina lake lilikuwa limeanza kutajwa kwa sauti ya chini.

Alfayo aliingia tena shimoni. Safari hii alipapasa nyuma ya tangi, mahali ambapo macho hayafiki, akaigusa nati ya bomba. Ilikuwa imelegea. Aliimulika kwa tochi. Kona zake zilikuwa zimekwaruzwa, na mikwaruzo iling'aa.

Nati haijikwaruzi.

Alitoka mbio, akapanda darajani. Yule aliyecheka alikuwa bado pale, fundi mmoja wa karakana, anakula mkate. Alfayo alimkamata ukosi. Mkate ulianguka majini. Ranjit alitoka karakanani akawatenganisha, akaelezwa habari ya nati.

"Umemwona akiigusa?"

"Nani mwingine, Bwana Ranjit? Nani mwingine ana spana na ana chuki?"

"Nimekuuliza umemwona."

"Sijamwona."

"Basi sikiliza. Kesho asubuhi na mapema nitakuja, nisimame na Vinubhai juu ya boti hii. Ikiwaka, wewe ni fundi na huyu atakuomba radhi. Isipowaka, mimi na wewe tumemalizana. Mimi nami nina jina hapa."

Alfayo aliikaza ile nati, akaiwasha injini, ikaenda bila kusita. Aliizima. Hakurudi chumbani kwake. Alijibanza katika stoo ya makaa iliyopakana na injini, spana kubwa mapajani, akiapa moyoni kwamba atakayeingia humo atatoka na mkono uliovunjika.

Alfajiri, mbao za boti zililia taratibu. Mlango mdogo wa injini ulifunguliwa. Alfayo aliinua spana yake.

Mkono ulioingia, ukaenda moja kwa moja nyuma ya tangi bila kupapasa, ulikuwa umevaa bangili.

Lalita alimwona. Hakukimbia, wala hakuangusha spana aliyoshika.

"Mume wangu ametoka kambini," alisema. "Mtu wa hekaluni aliniletea habari siku ile ulipoiwasha mara ya kwanza. Yuko njiani, na hakuna pa kumpelekea neno. Anachojua Uingereza nzima ni daraja la gesi la Saltley, boti ya kijani. Kaka anasema tumwachie mtu ujumbe. Mtu gani hapa anayeitikia salamu yetu?"

Juu yao viatu viwili vizito vilitua kwenye boti, kisha vingine viwili vikatoka chumbani.

"Alfayo," Ranjit aliita. "Tuko tayari. Inawaka?"

Alfayo aliiweka chini spana yake. Alimpokea Lalita ya kwake, akapeleka mkono nyuma ya tangi, akailegeza nati mzunguko mmoja.

"Haitawaka, dada," alimwambia. "Mpaka afike, haitawaka."