Kidole cha Dafroza

Pu. Pu. Pu. Fimbo ilikuwa inagonga migomba, na kila pigo lilisikika karibu zaidi.

Dafroza alijifuta jasho kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuacha ukauke. Badala ya kwenda kituoni kupiga kura, alikuwa amekata mgomba, akakinga utomvu na kukichovya kidole chake kidogo. Utomvu ukishashika ngozi, sabuni haiubandui. Tatizo, ulikauka kahawia, na wino wa kura ni wa zambarau.

Mwanawe Adelard alikuwa mahabusu kwa kuuliza, mbele ya mkutano wa chama, mgombea wa pili yuko wapi. Celestin, mwenyekiti wa kitongoji, alitangaza Kihanga nzima isikie: nyumba isiyo na wino, isahau kijana wake. Naye Adelard alimwambia mama yake neno moja kupitia dirisha la mahabusu: "Usininunue kwa kura."

Celestin akatokeza, mkono mmoja mfukoni, mgambo nyuma yake. Asubuhi hiyo Dafroza alimwona akichuma mnavu kando ya shamba. Kumbe hata wakubwa wanakula mboga.

"Karibu, mwenyekiti."

"Sijaja kunywa rubisi. Lete kidole."

Mgambo alisogea achungulie. Celestin akamzuia kwa fimbo. "Wewe kaa na rungu lako. Vidole ni kazi yangu."

Alibana fimbo kwapani, akakigeuza kidole kwenye mwanga. Akakikwaruza kwa ukucha. Akakinusa.

"Kwenye karatasi uliona picha ngapi?"

"Moja."

"Ukamchagua nani?"

"Kwani alikuwepo mwingine, mwenyekiti?"

Mgambo alikohoa kuficha kicheko. Celestin hakucheka. Alikitazama kidole tena, kwa muda mrefu.

"Amepiga kura," alisema kwa sauti ya mnadani. "Weka alama. Kijana wake atoke leo."

Mgambo akachora alama ya chaki mlangoni, akatangulia kwa jirani.

Celestin hakumfuata. Alingoja hadi migomba ilipommeza mgambo.

"Utomvu mtupu hukauka kahawia, mama Adelard," alisema taratibu, akiutoa mkono wa kushoto mfukoni. Kidole chake kidogo kilikuwa cha zambarau, kikinuka matunda mabivu ya mnavu. "Uchaguzi ujao, nakuahidi, nikichanganya wangu nitachanganya na wako."