Kilo Kumi na Tano Juu ya Mbawakawa

"Profesa, mwache marehemu apumzike," alisihi Babu Kabati, amekikumbatia kisanduku cha kioo kama mzazi aliyeombwa mahari kinyume.

"Mzee wangu, marehemu amepumzika miaka sitini. Hata wafalme hawakupata likizo hiyo. Lete."

Babu Kabati alikuwa ametunza wadudu wakavu wa kitivo kwa miaka thelathini, kwa adabu ambayo wadudu hao, walipokuwa hai, hawakupata kuistahili. Alikiachia kisanduku kidole kwa kidole. Ndani alilala mbawakawa mkubwa kuliko wote waliomo makabatini, mweusi, anang'aa, amejitanua kama hakimu aliyeshiba.

Profesa hakuwa na siku nyingine. Mkuu wa Kitivo alikwisha kutamka kwamba maabara ni moja na mabingwa ni wawili: mmoja atabaki, mwenziwe atahamia jengo la nyuma, kwenye popo. Bingwa wa pili alikuwa Daktari mmoja, mwanamke mwenye ulimi wa upanga, aliyepewa lakabu ya Bi Chokaa. Asubuhi hiyo alikuja na utepe, akayapima madirisha ya Profesa kwa ajili ya mapazia.

"Ugumu wa gamba ni madini," alisema, akiukunja utepe wake. "Mtazameni kaa. Mwondolee chokaa, amebaki uji."

"Kaa ana chokaa, sikatai. Mbawakawa hana haja nayo. Siri yake ni mpango, bibi wee! Nyuzi za khitini, malighafi ya gamba lake, nyembamba kuliko subira yako, zimelazwa ndani ya protini iliyokauka, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limegeuzwa kidogo kuliko lililo chini yake. Ufa ukianza, haupati njia iliyonyooka. Huzunguka, huzunguka, hata uchoke wenyewe."

"Kama mihadhara yako."

Mkuu wa Kitivo, aliyeketi kando kuwashuhudia, alikohoa ili kukifukia kicheko, kisha akayasoma masharti. Mbawakawa huyu si wa Profesa wala si wa Daktari; basi na awe mwamuzi. Akistahimili kilo kumi na tano, maabara ni ya Profesa. Akipasuka kabla ya hapo, mapazia yatundikwe.

"Kwani hamuwezi kumtwaa yule wa kahawia?" alinong'ona Babu Kabati. "Huyu ana umri, jamani."

"Babu, unamlilia mdudu?" aliuliza Bi Chokaa. "Mkeo ana habari?"

Profesa alimlaza mbawakawa chini ya mashine ya kukandamiza, akaomba dua ambayo bila shaka haikupata kuombwa kwa ajili ya kiumbe wa namna ile, akauzungusha mkono wa chuma.

Kilo tatu. Kilo sita. Mshale ulipanda kwa madaha, kama bibi harusi asiye na haraka ya kuolewa.

Kilo tisa, kitu kikalia *kwaa!* Profesa alifumba macho. Aliona popo. Alipofumbua, Mkuu wa Kitivo alikuwa akikisogeza kiti chake kwa aibu.

Kumi na mbili. Babu Kabati aligeukia ukuta, leso machoni.

Kumi na tano.

Profesa hakukoma. Ushindi ni kama bakuli la asali. Ni nani awezaye kula kijiko kimoja? Aliupeleka mshale hata ishirini, na mbawakawa akaupokea mzigo ule pasi na kuguna, mpaka Mkuu wa Kitivo aliponyanyua mkono: "Yatosha, bwana. Maabara ni yako. Mtoe huyo kabla hajadai cheo."

Bi Chokaa aliutia utepe mkobani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza ndimu na kokwa zake.

"Nimeshindwa na mzani," alisema. "Matabaka yenyewe bado sijayaona. Kesho tumkate, tumtie chini ya hadubini, mbele ya kitivo kizima."

"Kesho ni mbali! Leo alasiri!" alinguruma Profesa. "Mkuu, waite na waandishi wa habari. Na wanafunzi wote. Asibaki mtu jikoni wala msalani."

Ikakubaliwa, wakatoka wakicheka. Babu Kabati alibaki peke yake na Profesa, leso yake imelowa kama ya mtu aliyetoka kuogea nayo.

Profesa alimshika bega kwa upole. "Mzee wangu, wacha huzuni. Umejionea mwenyewe: hapana fundi chini ya jua awezaye kuiga kazi ya Muumba."

Babu Kabati alikwenda akaufunga mlango. Akarudi, akasimama wima, mikono amefumbata kifuani kama yumo msikitini.

"Profesa, Mola anisitiri. Kazi ya Muumba niliikalia kwa makalio, ikawa unga, mwaka juzi, siku ile tulipohamisha makabati. Huyu nimemfanya kwa mikono yangu, kwa gundi, rangi ya viatu, na nakala za tasnifu yako zilizokosa msomaji: karatasi juu ya karatasi, kila moja nikiigeuza kidogo, kama ulivyoandika humo mwenyewe."