Pole Kutoka Kate

Mfumo wa kampuni anakofanya kazi Edwin ulipoanguka, ujumbe wa tahadhari uliwafikia wateja wote, na papo hapo mama yake akapiga simu kutoka kijijini Kate.

“Pole, mwanangu. Huo mfumo umeanguka tena? Wewe hujaanguka?”

“Mimi nimesimama, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Umekula?”

Siku zote Edwin alidhani ni moyo wa mzazi unaomwambia mama kuwa kuna shida kazini. Leo aliiona namba ya mama kati ya namba za wateja wanaotumiwa tahadhari. Aliwahi kuitumia kufanyia majaribio, akasahau kuifuta. Na mama hamsumbui mtu aliye kazini kwa simu, ila kumpa pole tu; bila tahadhari, asingepiga.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Mama alisimulia ulezi ulivyochipua.

Skrini ikawa kijani: mfumo umerudi.

“Bado haujarudi?”

Edwin aliondoa kidole.

“Bado, mama. Ehe, ulezi?”