Mtafunaji wa Kata

Tangu magego ya mwisho ya Ndahani yang'olewe, hakuruhusiwa kutafuna chochote. Sheria ilitaka mgonjwa alishwe chakula kilichotafunwa na mwenzi wake wa ndoa, maana mate ya mtu aliyechanjwa na serikali ndiyo yaponyayo kidonda. Mkewe, Sechelela, alikuwa kaburini, kwa hiyo mtendaji wa kata akamletea Yeremia, mtafunaji wa kata, jibaba lenye masharubu ya kunata.

"Fungua mdomo, mzee wangu."

"Niache ninywe uji wangu mwenyewe."

"Uji hauna mate, mzee."

"Basi kawatafunie hao waliokutuma! Wao wakiumwa jino wanapanda ndege."

Yeremia akacheka huku akitafuna ugali na mlenda, povu likimtoka pembeni mwa mdomo. Akatema kwenye kijiko. Kile kitu kilikuwa vuguvugu, kinavutika kama makamasi. Ndahani aligeuza uso, lakini njaa ilikuwa imemkaba tangu jana. Alifumba macho akameza, akimwomba radhi Sechelela, kwani mate ya mtu mwingine hayakuwa yamewahi kuingia kinywani mwake.

Wiki mbili baadaye kidonda kikapona vizuri kabisa, na hilo likamuudhi zaidi. Yeremia akaondolewa. Ndahani akajipikia wali na maharage, akatia tonge mdomoni kwa hamu. Lilikuwa kavu, geni, halishuki. Akalitema.

Akatoka akaketi kizingitini, akawatukana wakubwa wote kuanzia kata hadi taifa, huku macho yakiwa kwenye njia iendayo ofisi ya kata na mdomo ukimjaa mate.